Neno Moja, Macho Mengi: Vijana Wetu na Mashindano ya Picha



Katika miezi ya karibuni tumekuwa tukijiwa na wazazi, akina mama hasa, wakiwa na simu mkononi na swali kinywani. Mtoto ameona tangazo la mashindano ya kupiga picha na ataka kushiriki. Mada iliyotolewa ni neno moja tu, "Maji", au "Matumaini", au "Nyumbani", na mama hajui aseme ndiyo au aseme la. Wengine huuliza kama jambo lenyewe lafaa kisheria. Wengine hawana shaka na hilo, lakini wana swali la pili ambalo sisi twaliona kuwa zito zaidi: binti yangu si mtu wa kutembeatembea, hapandi milima wala haendi mbugani, tena hataki kuanika sura za wanawake mbele za watu, basi atapiga picha ya nini hata aweze kushindana na wenzake?

Tutalijibu la kwanza kwa ufupi, maana wanazuoni wamekwisha kulishughulikia kwa urefu kutushinda. Hadithi zinazokataza taswira zilipokewa katika zama ambazo picha ilikuwa kazi ya mkono, mchoro au sanamu. Kamera ilipokuja, wako waliosema kwamba ni taswira ile ile, wasiruhusu sura za viumbe wenye roho ila kwa dharura kama vile pasipoti na kitambulisho. Wako waliosema kwamba kamera haiumbi kitu, bali huzuia kivuli na nuru kama vile kioo kinavyoonyesha sura ya mtu aliyesimama mbele yake. Katika hawa wa pili yumo Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliliandikia suala hili risala yake mahususi. Hatukusudii kufungua baraza la fatwa katika ukurasa huu. Kila nyumba ina sheikh wake wa kumrejea. Lakini hata aliyeshika rai kali hajafungiwa mlango, kwani miti, mashua, majengo, mawingu na vyombo vya jikoni havimo katika ikhtilafu hiyo.

Wala kijana wetu asidhani kwamba akishika kamera ameshika kitu kigeni kwa umma huu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, ndiye aliyeonyesha katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye kitu na kuliingia, si kwa miale inayotoka jichoni kama walivyodhani wengi kabla yake. Alifanya majaribio ya kupitisha nuru katika tundu dogo hadi ndani ya chumba chenye giza. Neno "kamera" lenyewe, katika Kilatini lilikotoka, maana yake ni chumba. Simu iliyo mfukoni mwa mwanao, kwa asili yake, ni kile chumba chenye giza na tundu moja.

Sasa tuje kwenye swali la binti wa nyumbani.

Mashindano haya mengi huwa na mada. Yale ya Wiki Loves Africa, yaliyoanza mwaka 2014 na ambayo huwaalika watu wa bara letu zima, yalianza na mada ya mapishi, kisha mavazi na mapambo, kisha muziki na ngoma. Mwaka 2017 ikawa ni watu kazini, na mwaka 2022 makazi na nyumbani. Tuzo ya Dubai inayojulikana kwa herufi zake nne, HIPA, iliyoanzishwa mwaka 2011, imepata kuwa na mada za furaha, matumaini na maji, na zawadi yake kubwa imepata kuwa dola 120,000 za Marekani. Tunataja kiasi hicho ili mzazi ajue kwamba si mchezo wa watoto tu. Wako wanaoendesha maisha yao kwa kazi hii.

Mada ni neno, na neno lahitaji kufasiriwa. Aliyesoma chuoni ajua kwamba mfasiri hana uhuru wa kusema alitakalo. Amefungwa na lugha na muktadha, na taawili iliyo mbali mno hukataliwa hata ikiwa tamu. Lakini ndani ya mipaka hiyo, wafasiri mia wamesoma aya moja na kila mmoja akatoa lulu ambayo mwenzake hakuiona. Washairi wetu nao wayajua haya. Mtu akipewa neno moja alitungie shairi la tarbia, na vina na mizani vikamfunga mikono, hapo ndipo mwenye kipaji hudhihiri. Mada ya picha ni kama vina. Haikuwekwa kumnyima mtu nafasi. Imewekwa ili imfukuze kutoka katika wazo lake la kwanza.

Wazo la kwanza ndilo adui. Tuseme mada ni "Maji". Wazo linalomjia kila mtu ni bahari, kisha mvua, kisha mfereji unaotiririka, kisha mtoto aliyebeba mtungi. Picha hizi si mbaya. Tatizo lake ni kwamba wote wamezileta. Mwamuzi aliyekaa na kutazama machweo ya Lamu mara arubaini, kila moja likiwa na jahazi katikati, hana tena jicho la kuona uzuri wa machweo ya arubaini na moja. (Na tukiwa hapo kwenye Lamu, twawaomba vijana wampumzishe punda. Amepigwa picha kuliko waheshimiwa.)

Kinachofaa ni kulikalisha neno chini na kuliuliza maswali. Maji hufanya nini? Huacha nini yakiondoka? Nani huyangoja? Hapo utaiona chumvi iliyoandika ramani kwenye ukuta wa matumbawe. Utaziona nyayo za mtu aliyetoka kutia udhu, zikikauka juu ya sakafu ya msikiti. Ya kwanza imekwisha nusu, ya mwisho bado mbichi, na mwenyewe hayumo pichani. Utaiona mitungi mitupu ya manjano iliyopangwa foleni usiku kwenye kioski cha maji, wenyewe wakiwa wamelala, mitungi ikiwashikia nafasi. Hakuna tone hata moja katika picha ile, ilhali kila mwenyeji wa mitaa yetu ajua kwamba yazungumzia maji.

Au mada iwe ni "Matumaini". Wengi watapiga jua likichomoza, au mikono iliyoinuliwa kuomba, au mche uliochipua kwenye ufa. Sisi twakumbuka sketi ya shule tuliyoiona imeanikwa kambani katika mtaa mmoja wa Mombasa: mpya, kubwa kuliko mtoto aliyenunuliwa, na mama ameipinda pindo pana la shibiri nzima ili mwaka ujao alifumue, na mwaka wa pili alifumue tena. Pindo lile ni matumaini yaliyoshonwa kwa uzi. Mama aliyeshona hakufikiria mashindano. Alifikiria bei ya sare. Lakini mwenye jicho angelisimama pale.

Kwa sababu hiyo twasema, na hatusemi ili kumfariji mtu, kwamba binti wa nyumbani hana upungufu. Pengine ana ziada. Yule anayesafiri mbali kutafuta picha hukutana na vitu asivyovijua, hivyo hupiga sura yake ya nje. Binti aijua nyumba yake kwa miaka kumi na minne. Ajua saa ambayo mwale wa jua huingia dirisha la jikoni na kuugusa mbuzi wa kukunia nazi. Ajua ni kidaka kipi nyanya huficha ufunguo, na ajua mkeka ulivyochakaa mahali pamoja tu, pale ambapo nyanya husujudia. Sharti la stara halimpunguzii. Humlazimisha kutafuta mkono, kivuli, kiti kilichoachwa wazi, nguo juu ya kamba, na vitu hivi mara nyingi husema zaidi ya uso unaotabasamu. Marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio yake pale Lamu, alijulikana kwa picha alizozikata na kuziunganisha, uso wa mtu ukachomoza ndani ya ua. Naye alikuwa akifanya kazi yake katika mji wa dini, miongoni mwa watu waliokuwa na shaka nyingi juu ya picha kuliko sisi leo.

Lakini iko hatari upande wa pili. Kijana akishaambiwa "buni", huenda akabuni mpaka akapotea. Atapiga kijiko kilichopinda na kusema ni upweke wa binadamu, kisha aandike maelezo ya kurasa mbili kuthibitisha. Hii ndiyo ile taawili ya mbali. Kipimo chetu ni chepesi: mwonyeshe picha mtu asiyejua mada, shangazi au jirani, bila kumwambia neno. Si lazima aitaje mada. Lakini ukishamtajia, yapaswa aseme "Ahaa!" papo hapo, si akuombe umweleze. Picha inayohitaji wakili haijakamilika. Nayo picha ambayo mada yake yafahamika kabla hata haijatazamwa, haikuwa na haja ya kupigwa.

Mwaka uliopita tulialikwa kuwa miongoni mwa waamuzi watatu wa mashindano madogo ya vijana wa madrasa za mtaani. Wenzetu walikuwa mwalimu wa kike wa shule ya sekondari na kijana mmoja fundi wa picha za harusi. Mada ilikuwa "Nyumbani". Picha zilizoletwa zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na milango ya nakshi peke yake ilijaza meza. Kisha kukawa na picha moja ya ndara mlangoni. Zilikuwa jozi tano, zimevuliwa hovyo kama kawaida ya nyumba yenye watoto, na pembeni jozi ya sita, ya kiume, kubwa, safi, imepangwa sawasawa ikiutazama mlango. Maelezo yake yalikuwa sentensi moja: "Baba yuko Doha tangu mwaka juzi." Binti alituambia baadaye kwamba mama yake huzipangusa vumbi kila Ijumaa. Mwalimu aliondoka mezani kwa muda. Hatukujadiliana sana juu ya nafasi ya kwanza.

Nafasi ya pili ndiyo iliyotupa kazi. Binti mwingine alileta picha ya sinia kubwa la shaba la nyanya yake, limeegemezwa ukutani jikoni, linang'aa kama mwezi. Ilikuwa picha nzuri kwa kila hali. Fundi akaikuza kwenye kompyuta ili aone ukali wake, na hapo mwalimu akaufunika mkono wake juu ya kioo na kutuomba tutazame pembeni. Ndani ya mng'ao wa sinia alionekana khalati wa yule binti, amekaa kwenye kibao akipepeta mchele, kichwa wazi na mikono wazi, kama mwanamke yeyote awavyo jikoni kwake mchana wa joto. Binti hakumwona. Alikuwa akilitazama sinia.

Fundi alisema sura haibainiki, hakuna atakayemtambua. Mwalimu akajibu kwamba yeye amekwisha kumtambua. Sisi tuliona kwamba hatukuwa na haki ya kulikata suala hilo hata kidogo, kwa kuwa mwenye sura alikuwa hai na nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka pale. Mwalimu akaenda kumwuliza. Khalati hakukasirika, alisema mbele ya wanawake wenziwe hajali, lakini picha zitatundikwa ukumbini ambako wanaume hupita, na hilo hakuliridhia. Muda wa kupokea picha ulikuwa bado haujaisha, hivyo binti akaambiwa anaweza kuleta nyingine akitaka.

Alileta siku ya pili. Safari hii alikuwa amemwomba khalati wake alishike lile sinia mbele ya kifua na uso. Vyaonekana vidole vinane tu, vinne kila upande, na hina imefifia kwenye kucha, kama ibakiavyo wiki kadhaa baada ya Idi. Ndani ya sinia mna dirisha, na nje ya dirisha kamba ya nguo. Mtu hayupo, na yupo kabisa. Picha ya kwanza ilikuwa ya sinia. Hii ya pili ilikuwa ya nyumbani. Fundi wa harusi, ambaye tangu mwanzo alitetea ile ya kwanza, ndiye aliyesema hivyo kabla yetu.

Tumekisimulia kisa hiki kwa sababu methali yasema macho hayana pazia, na lenzi ya simu haina pazia wala haya. Macho yakiona la kuwaona yaweza kuinamishwa, kama tulivyoamrishwa katika Suratun Nur, wanaume na wanawake. Lenzi hunasa na kutunza. Katika sura hiyo hiyo tumefundishwa kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na Suratul Hujurat yatukataza kupelelezana. Kwa maoni yetu kupiga picha ndani ya nyumba ya mtu ni kuingia mara mbili, na kila kuingia kwahitaji hodi yake. Jirani aliyekukaribisha chai hakukaribisha kamera. Mwambie, "Mama fulani, naomba nipige picha ya kiamboni kwako, na nitakuonyesha kabla sijaipeleka popote." Akisema la, ni la. Kabla ya kutuma chochote, ikuze picha pembe kwa pembe: kioo cha kabati, televisheni iliyozimwa, sufuria, miwani ya babu, maji ya beseni. Vyote hivi ni vioo.

Sheria ya nchi nayo imesimama upande huu. Katiba ya mwaka 2010 yahifadhi haki ya faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi inapohusu taarifa za mtoto. Picha ya uso ni taarifa.

Mzazi asikubali pia mwana atume picha kabla hawajaketi pamoja kusoma masharti. Mashindano mengine hubakisha haki kwa mpigaji. Mengine hujipa ruhusa ya kuitumia picha katika matangazo yao. Yale ya Wiki Loves Africa tuliyoyataja huweka picha katika hazina ya Wikimedia Commons kwa leseni huria, maana yake ni kwamba mtu yeyote ulimwenguni aweza kuichukua na kuitumia, hata kwa biashara, mradi afuate masharti ya leseni, kama vile kumtaja mpigaji. Kwa picha ya mlango au ya sinia hiyo ni sadaka njema, na tunawahimiza vijana watoe, kwa sababu picha za pwani yetu zilizopigwa na wenyeji wenyewe bado ni chache. Kwa picha ya uso wa dada yako wa miaka tisa ni jambo jingine kabisa, kwani ukishaitoa huwezi kuirudisha.

Tumebakiwa na suala la ukweli, nalo limetushughulisha kuliko yote.

Mwaka 2019, mada ya tuzo ya Dubai ilipokuwa "Matumaini", zawadi kubwa ilikwenda kwa picha ya mama wa Kivietinamu mwenye ulemavu wa kusema, akiwa na watoto wake. Ni picha yenye kugusa moyo. Baada ya ushindi ikaenea picha nyingine: mama yule yule, na mbele yake kundi la wapigaji wenye kamera. Mshindi alikanusha kwamba alimpanga mtu yeyote, na sisi hatukuwapo. Lakini mabishano yaliyofuata yalionyesha kwamba watu hawakuwa wakiuliza kama picha ni nzuri. Waliuliza kama ni kweli, na yule mama alipata nini. Mwaka 2018 jumba la makumbusho ya viumbe la London lilimwondoa mshindi mmoja katika mashindano yake ya picha za wanyamapori baada ya wataalamu kuona kwamba yumkini mnyama aliyemo alikuwa amekufa na kujazwa pamba; naye mpigaji alikanusha. Sasa imekuja akili unde, inayotunga picha bila kamera wala nuru. Mwaka 2023, Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kundi moja katika mashindano ya Sony, kisha akaikataa zawadi na kueleza kwamba picha yake ilitungwa na mashine. Mwaka uliofuata Miles Astray alifanya kinyume: aliingiza picha halisi ya heroe aliyejikunyata akijikuna tumbo, kichwa hakionekani, katika kundi la picha za mashine, ikashinda, na waandaaji wakaiondoa kwa kosa la kuwa ya kweli. Tulicheka tuliposoma, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu ndani yake.

Sisi tuliosomea vyuoni tuna kisa chetu cha zamani zaidi. Katika kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, mna kanzu tatu. Ndugu zake walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo, na wafasiri wameeleza kwamba Nabii Yaaqub aliigeuza akaona haina hata tundu moja. Mbwamwitu gani huyu, amlaye kijana na kuihurumia nguo yake? Hiyo ilikuwa picha ya kupangwa, na mwamuzi mwenye uzoefu aliona kile walichosahau kukipanga. Kanzu ya pili, iliyochanika nyuma, ndiyo iliyomtoa Yusuf katika tuhuma. Hakuna aliyeipanga, ilichanika tu wakati mtu akikimbia. Na ya tatu iliwekwa juu ya uso wa baba, yakamrudia macho. Nguo ya kijana mmoja, mara ya kwanza uongo, mara ya pili ushahidi, mara ya tatu ponya. Tukiwafundisha watoto habari ya kufasiri mada kwa ubunifu huanza na kanzu hizi, maana zaonyesha kwamba kitu kimoja kidogo chaweza kubeba maana nyingi, na pia kwamba kuna maana moja ambayo hatukuruhusiwa kuibebesha.

Mpaka uko wapi, basi? Kumwomba khalati ashike sinia si uongo, kwa kuwa picha haidai kwamba alikutwa hivyo. Kila atazamaye aona kwamba ameshikishwa. Lakini kumvua mtoto ndara na kumpaka vumbi ili aonekane fukara, katika mada ya "Maisha", ni damu ya uongo juu ya kanzu. Kumpa mzee kikombe kitupu ainue mbinguni ni hivyo hivyo. Swali la kumwuliza kijana ni hili: yule uliyempiga, akisimama mbele ya picha yake ukumbini pamoja na watu wa mtaa wake, atasema "ndimi", au atainamisha kichwa?

Kwa upande wa ufundi tutasema machache, maana fundi wetu wa harusi angelisema vizuri zaidi. Zima taa ya simu. Tumia nuru ya dirishani, asubuhi au baada ya alasiri. Jua la adhuhuri la pwani hukausha kila kitu. Sogea mwenyewe badala ya kuvuta kwa vidole kwenye kioo. Futa lenzi, kwani simu za jikoni huwa na mafuta. Kisha piga picha nyingi, na umpe mtu mwingine achague, kwa sababu mpigaji huipenda ile iliyomtaabisha zaidi, na mwamuzi haioni ile taabu.

Baada ya mashindano yale ya mtaani, picha zote zilichapishwa, zilizoshinda na zisizoshinda, na mwalimu akapendekeza kila kijana aandike nyuma ya picha yake jina la kila kitu kilichomo. Ilionekana kazi ndogo. Ikachukua alasiri mbili. Watoto walijua sahani na sufuria, lakini walisimama kwenye kifumbu, kwenye kung'uto, kwenye kidaka, kwenye dele la kahawa. Wakaanza kutoka mmoja mmoja na picha zao kwenda kuuliza. Binti wa ndara alikuwa na vitu vichache, akamaliza mapema, kisha akarudi mezani na kuuliza iwapo aandike "ndara za baba" au "ndara" tu. Mwalimu akamwambia aandike apendavyo, naye akaketi na kalamu kwa muda mrefu.